Namba Chini ya Mpira wa Buti

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: aliyesema hivyo hakuwahi kununua gari la zamani. Katika kazi yangu kibaya ndicho kinachojiuza. Kimepakwa rangi mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, kimeegeshwa juu ya zulia, na mwenyewe amesimama kando na kahawa mkononi akiapa kwa kaburi la mama yake. Kizuri kimelala ghalani chini ya turubai. Panya wamezaa ndani ya viti, na hakuna anayekitembeza popote, kwa sababu yupo mtu asiyetaka kionekane.

Mimi ni mkaguzi. Naitwa Noreen Wojtas, nakaa Toledo, na watu huniita niwaambie kama gari walilonalo ndilo lile wanalodhani. Nakagua yale magari ya Detroit ya miaka ya sitini kuelekea sabini, yenye injini kubwa kuliko akili za vijana walioyanunua. Mengi yaligongwa miti, mengine yakaoza. Yaliyobaki yanatafutwa kama roho, na penye kutafutwa hapakosi mghushi. Nimewahi kutukanwa na mwanamume aliyevaa fulana yenye picha ya gari lilelile nililomwambia si lenyewe.

Mwezi wa Juni nilipigiwa simu na mwanamke aitwaye Glenda Stuckey, kutoka Marbury, Indiana.

"Ni gari la baba, Super Bee," alisema. "Alilinunua mwenyewe akiwa kijana, jipya, kutoka kwa wakala. Hajaliuza, hajamwazima mtu, hata mimi sijawahi kuliendesha. Nataka karatasi yako tu, dada. Mnunuzi anasema maneno matupu hayataki."

"Lina injini gani?"

"Ile ya kawaida. Baba alikuwa fundi wa bodi, si tajiri."

Nikaridhika. Mtu anayekwambia gari lake ni la kawaida huwa hana sababu ya kudanganya.

Nyumba yao ilikuwa nje ya mji, katikati ya mahindi yaliyofika magotini. Glenda alinipokea uani, mama wa makamo mwenye viatu vya bustani na nywele zilizofungwa kwa haraka. Nyuma ya dirisha la jikoni aliketi mzee, mrija wa hewa umepita chini ya pua. Nikampungia mkono. Hakurudisha.

"Huyo ndiye baba," Glenda alisema. "Orval. Usimjali. Tangu nimwambie tunauza, hasemi na mtu. Lakini uuguzi wake siuwezi bila kuuza kitu, na shamba sitauza."

Ghala lilikuwa la mbao, sakafu yake udongo mtupu, isipokuwa pale chini ya gari. Hapo palikuwa na kipande cha zege, kipana kidogo kuliko gari lenyewe.

"Alikimwaga mwenyewe kabla sijazaliwa," Glenda alisema. "Anasema ardhi inakula chuma."

"Hakukosea."

Tukavuta turubai. Super Bee la mwaka 1969, kijani kibichi, magurudumu yamekaa chini bila upepo. Nyuma, ule mkanda mweusi unaozunguka kiuno cha gari, na ndani yake picha ya nyuki aliyevaa kofia ya mbio. Wapenzi wake huliita gari lenyewe Nyuki. Rangi ilikuwa ya kiwandani, imefifia kama shati la kazi, haijaguswa. Niliipapasa nikasikia mate yakinijaa mdomoni. Sioni aibu kusema hivyo. Wenzangu wa kazi hii wanajua.

Nilianza pale tunapoanza wote, kwenye kibati kidogo cha namba juu ya dashibodi, kinachosomeka kupitia kioo cha mbele. Ndani ya namba ile kuna herufi moja inayotaja injini. Ilikuwa H: injini ya kawaida, kama Glenda alivyosema. Nikafungua boneti. Injini ya kawaida, na namba iliyogongwa ubavuni mwake inalingana na kibati.

"Si nilikwambia?" Glenda akapiga makofi. "Baba ana mambo mengi, lakini mwongo si yeye."

"Subiri, mama. Bado sijalala chini."

Kabla ya kulala chini nikatazama tena kile kibati. Ribiti zilizokishikilia zilikuwa na vichwa vya duara. Za kiwandani zina vichwa kama ua dogo lenye petali. Hizi zilikuwa za duka la vifaa. Peke yake jambo hilo si kesi, watu hubadilisha dashibodi kila siku. Lakini nilipolala juu ya lile zege na kumulika nyuma, nikaona difu.

Ilikuwa difu nene, ya chuma kizito, ambayo kiwanda hakikuifunga kwenye Nyuki wa kawaida. Iliwekwa kwenye wale wachache waliotoka katikati ya mwaka ule na injini kubwa ya kabureta tatu. Hao walikuja bila vifuniko vya magurudumu, na boneti yao ilikuwa nyeusi, ya plastiki ngumu isiyo na bawaba. Ukitaka kuifungua unachomoa pini nne, watu wawili wanaiinua nzima na kuilaza majanini. Nikainuka, nikapitisha kidole mbele ya injini, pale pini zinapokaa. Matundu yalikuwepo. Yalikuwa yamezibwa kwa kuchomelewa, yakasuguliwa vizuri, yakapakwa rangi. Kazi ya fundi bingwa wa bodi.

Nikatazama juu. Kwenye boriti za ghala kulikuwa na kitu kipana kimefungwa magunia.

"Kile ni nini?"

"Takataka za baba. Mbona uso umekubadilika?"

Miaka yote niliyofanya kazi hii, kila mwongo niliyemkamata alikuwa anapandisha. Anachukua Nyuki wa kawaida, anambandika herufi ya yule adimu, anatajirika. Sikuwahi kuona mtu aliyeshusha. Hapa mtu alikuwa amechukua gari ambalo watu wangelipigania, akalivua, akalipa jina la gari la kawaida, kisha akalifunika. Uongo wa kupandisha nia yake ni pesa. Huu wa kushusha nia yake ni ipi?

Mbele, kwenye fremu ya rejeta, kiwanda kilikuwa kikigonga namba ya bodi. Hapo chuma kilikuwa kimesagwa laini. Lakini namba hiyo iligongwa mara mbili. Ya pili ipo nyuma, kwenye ukingo wa buti, imefunikwa na mpira unaozuia maji. Ukifungua buti huioni, mpaka uubandue mpira wenyewe.

Nikaubandua taratibu kwa kisu cha plastiki. Gundi ilikuwa ya zamani, haijawahi kuguswa. Nikafuta kwa kitambaa, nikasugua chaki nyeupe, tarakimu zikajitokeza moja moja kama meno. Hazikuwa zile za kibati.

Sasa nieleze habari za Phyllis Lutz, maana kila mkaguzi wa upande huu wa nchi anamjua. Kila kiangazi, penye maonyesho ya magari ya zamani, Phyllis husimama langoni na kipande cha boksi kifuani kilichoandikwa namba. Ni namba ya Nyuki wa kijani wa kaka yake, Duane. Duane alipotea kiangazi cha mwaka 1970, siku chache baada ya kuitwa jeshini kwenda Vietnam, na gari lake likapotea naye. Mji mzima wa Marbury ukasema amekimbilia Kanada. Baba yao, aliyepigana vita vya Ujerumani, aliacha kwenda kunyoa nywele mjini kwa sababu ya maneno ya kinyozi. Alikufa akiitwa baba wa mwoga. Phyllis alibaki na ile namba. Vijana kwenye maonyesho humwita Bibi Boksi, na wapo wanaopiga honi wakimpita ili ashtuke. Amempa kila mkaguzi namba yake ya simu. Mimi nilikuwa nayo.

Nikampigia nikiwa nimeinamia buti.

"Bi Phyllis, ni Noreen wa Toledo. Nitajie ile namba. Zile za mwisho, kuanzia tisa."

Hakuuliza kwa nini. "Tisa," alisema. "A. Mbili. Saba..."

Kidole changu kilitembea juu ya chuma pamoja na sauti yake. Aliitaja kama mtu anayesali rozari, bila kupumua, na kila alipotaja tarakimu, tarakimu ilikuwepo. Alipomaliza, kidole kilikuwa kimefika mwisho.

"Umeliona," alisema. Halikuwa swali.

Glenda alikuwa amesimama karibu yangu, ameukunja mpira wa buti mikononi kama nyoka aliyekufa. Nilijua nikifunga mdomo, mpira ule utarudi mahali pake, gari litauzwa, na hakuna atakayejua kamwe.

"Nimeliona, Bi Phyllis," nikasema. "Mpigie sherifu. Mwambie kwa Stuckey."

Glenda akaniporomoshea maneno kabla sijaweka simu mfukoni. "Sherifu? Umemwita sherifu nyumbani kwangu? Nimekuita ukague gari!"

"Nimelikagua. Si la baba yako."

"Umesoma kibati mwenyewe! Injini umeisoma mwenyewe!"

"Kibati ni chake. Injini ni yake. Bodi ni ya Duane Lutz."

Jina lile lilimgonga. Kila mtu Marbury analijua. Alitazama gari, akatazama nyumba. "Duane yuko Kanada," alisema, kama mtoto anayerudia somo.

"Hivi mtu akimbie nchi, gari alilokimbia nalo liwe hapa?"

"Basi alimuuzia baba! Au walibadilishana! Vijana walikuwa wanashindana kwa magari barabarani, kila mtu anajua." Akanishika mkono, sauti ikashuka. "Dada, nakuomba. Andika kwamba ni gari la kawaida. Ndivyo kibati kinavyosema. Hutakuwa umedanganya. Yule mzee hana hata mwaka mmoja."

"Twende tukamuulize."

Jikoni kulinukia kahawa na dawa. Kwenye ukuta ilitundikwa picha ya kanisa la Marbury, na Orval kati ya mashemasi, suti na tai. Mwenyewe alikuwa mezani, mtungi wa hewa ukipumua pembeni yake. Hakumtazama bintiye. Alinitazama mimi, mikono yangu, ile chaki kwenye vidole.

"Ulitazama wapi?" akauliza.

"Chini ya mpira wa buti."

Akacheka, kicheko kikavu kilichomgeukia kikohozi. "Kumbe kuna nyingine pale," alisema. "Ya mbele niliiona. Hiyo sikuijua."

Glenda akavuta kiti akaketi. "Baba. Nyamaza. Usiseme kitu."

"Wewe ulikuwa na Nyuki wa kijani," nikasema. "Na yeye alikuwa na wake. Mji mzima uliwajua. Baada ya hapo mji ukaendelea kuona Nyuki mmoja wa kijani, na Orval ndani yake."

"Alinipita kwenye barabara ya malori ya nafaka," mzee alisema. "Si kidogo. Aliniacha kama nimesimama. Halafu akashuka akanicheka. Akasema, Orval, hilo lako mpelekee bibi yako aendee kununua mayai." Alisema hivyo kama jambo la jana. Shavu lake lilikuwa jekundu. "Alikuwa na mdomo, Duane."

"Ukampiga."

"Nilikuwa na spana mkononi. Mtu akiwa na spana mkononi anapiga kwa spana."

"Na gari lako?"

"Nililikata vipande karakanani. Wiki nzima. Nikaweka injini yangu kwenye lake, kibati changu kwenye dashibodi, boneti yangu juu. Mwezi mmoja nikaliendesha mjini watu walione, halafu nikaliingiza ghalani."

"Ungekata lake," nikasema. Sikuweza kujizuia, kazi ilikuwa inaongea ndani yangu. "Ungekata lake ukabaki na lako. Usingekamatwa milele. Kwa nini ulilibakisha?"

Orval Stuckey akainua uso akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake aliyeuliza swali la kipumbavu.

"Lilikuwa la kabureta tatu, msichana," alisema. "Jipya, lina harufu ya kiwandani bado. Nililiwekea msumeno, nikashindwa. Wewe ungeweza?"

Duane alikuwa ameanguka barabarani, na Orval hakushindwa kumfukia. Aliposhika msumeno mbele ya gari, ndipo mkono ukamlegea. Na kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba nilimwelewa.

"Yuko wapi Duane?" nikauliza.

Mzee akageuzia uso dirishani, kule ghalani. "Nilikwambia, Glenda," alisema. "Ardhi inakula chuma. Nikaweka zege."

Glenda alipiga kelele moja tu. Kisha akatapika kwenye sinki.

Sherifu alikuja, na baada yake watu wenye nyundo za umeme. Gari lilivutwa nje kwa mnyororo, zege likavunjwa, na chini yake, si mbali, wakampata Duane akiwa na buti zake na mkanda wenye kifungo cha shaba. Wakateremsha pia yale magunia kutoka kwenye boriti. Ndani ilikuwa boneti nyeusi, pini zake nne zimefungwa kwa kamba, haina hata mkwaruzo. Mzee alikuwa ameitunza.

Phyllis alisimama nje ya utepe wa polisi. Hakuja na boksi. Nilimwendea.

"Kwa hiyo hakukimbia," alisema.

"Hakukimbia, Bi Phyllis."

"Baba aliacha kunyoa nywele mjini. Mama alikuwa akimnyoa jikoni, vibaya, akatoka mabaka. Sasa wote wamekufa. Nitamwambia nani?" Alinitazama kana kwamba nilikuwa na jibu ndani ya mkoba wa vifaa. Hakulia. Aliingia kwenye gari lake dogo akaketi, usukani mikononi, muda mrefu bila kuwasha.

Orval hakufika mahakamani. Hewa ilimwishia kitandani akiwa chini ya ulinzi wa polisi. Kanisa lilijaa kwenye mazishi yake, nasikia watu walisimama mpaka barazani. Alikuwa ameezeka paa la kanisa lile kwa mikono yake bila malipo, alikuwa amenyoosha bodi za magari ya nusu ya mji. Duane alizikwa na watu wachache, na siku ile mvua ilinyesha. Kinyozi wa sasa, mwana wa yule wa zamani, hakuja.

Kisha maneno yakaanza kunijia mimi. Kwamba nilimuua mzee. Kwamba niliitwa kukagua gari, nikafukua kaburi. Kwamba mkaguzi mwenye adabu angemnong'oneza Glenda, angeacha mzee afe kwanza, kisha mambo yangesemwa polepole. Simu za kazi zilikoma upande ule wa Indiana. Wanaume wanaoficha mambo madogo kwenye magari yao, ribiti za dukani, namba zilizogongwa upya, walianza kusema Noreen hana siri.

Mwishoni mwa kiangazi Wendell Krebs, mwenyekiti wa chama cha magari ya zamani cha wilaya, aliniita kwenye mgahawa wa Marbury wanapokutania. Nilikuta meza ndefu, kofia nyingi, sandwichi za nguruwe ambazo nyama yake inauzidi mkate kwa ukubwa. Mwishoni mwa meza alikaa Glenda. Alikuwa amekonda.

"Noreen," Wendell alisema, amekunja mikono juu ya tumbo lake, "hakuna hapa anayesema hukufanya kazi yako. Lakini kuna njia ya kufanya kazi. Glenda amepoteza baba, amepoteza jina, shamba linauzwa. Sema neno moja tu kwake. Pole, nisamehe. Halafu tule pai, na mwakani uje ukague kama kawaida."

"Hata kama hulimaanishi," mtu mmoja akaongeza kutoka upande mwingine wa meza. "Sisi wenyewe humwambia mke samahani kila siku." Wakacheka kidogo, kwa woga.

Glenda hakucheka. "Ulishika simu mbele yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na imechoka. "Nilikuomba. Ningemuuliza mwenyewe, mimi mwanawe. Angeniambia mimi. Ulininyima hilo, ukampa Phyllis. Nilimuuguza yule mtu. Nilimwosha. Na sasa siwezi hata kumlilia mbele za watu."

Ilikuwa kweli, kila neno. Nilimwonea huruma wakati ule na ninamwonea mpaka sasa, na angeniomba nimsaidie kubeba sanduku za nyumba ile ningekwenda leo hii. Lakini hakuniomba hilo. Aliniomba nijutie ile simu, na nyuma yake watu wote wale walikuwa wakingoja, uma mikononi, nijutie kwa niaba yao, ili wasikumbuke walichokuwa wakikisema kuhusu mtoto wa Lutz kwa muda wote ule.

"Nasikitika kwa yaliyokukuta, Glenda," nikasema. "Kwa nilichofanya siombi radhi. Mwanamke alisimama kwenye jua kali na namba kifuani, nanyi mkampigia honi. Aliponitajia namba, nilikuwa na kidole juu yake. Sikuwa na ruhusa ya kumngojesha hata dakika moja zaidi."

"Neno moja tu, Noreen," Wendell alisema. "Ni neno tu."

"Sitalisema," nikamwambia. "Si leo, si mwakani, si mbele ya pai. Siombi radhi."